Gemu ya mezani ya Catan imeanza kuboa, mnunue nyongeza ipi kwanza

Mkuu umeuliza kati ya Seafarers na Cities & Knights uanze na ipi maana Catan ya kawaida mshaizoea na kila siku anashinda yuleyule. Mi ningeenda Cities & Knights moja kwa moja. Seafarers ni tamu ila mchezo unabaki uleule, unaongezewa meli (mbao moja na sufu moja) na visiwa vya kukimbilia, basi. Hii nyingine inapindua meza, zile kadi za maendeleo zinaondolewa kabisa, miji inaanza kutoa karatasi, nguo na sarafu, alafu kuna dadu ya ziada nusu ya pande zake zina meli ya wavamizi, kila ikitoka wanasogea hatua moja, wakifika wakakuta nguvu ya mashujaa (vipande vya ulinzi) wenu wote walioamshwa iko chini ya idadi ya miji, aliyechangia kidogo zaidi mji wake unashushwa unakua kijiji tena. Hapo ndo utaona bingwa wenu anabembeleza watu watoe ngano waamshe mashujaa 😂

Ila tengeni muda, ushindi ni pointi 13 sio 10. Na kama mko watano au sita boksi hilo peke yake halitoshi, mtahitaji nyongeza ya watu 5-6 ya gemu ya msingi na ya kwake pia, kwahiyo piga hesabu ya hela kabisa.