Porokasinoma: uvimbe umeshatolewa, mbona wanataka kukata tena?

Mkuu pole sana kwa bi mkubwa. Umeuliza uvimbe wa mguuni umeshatolewa, majibu yamekuja porokasinoma, sasa mbona daktari anataka kukata tena na kemo (dawa kali za kuua seli za kansa) hata hawaizungumzii. Mimi niliugua hiyohiyo, ya kwenye muundi, so nakujibu kwa nilivyopitia.

Hii kansa inaanzia kwenye vimfereji vya tezi za jasho na ni adimu kwelikweli, madaktari wameanza kuielezea mwaka 1963. Ubaya wake inajifananisha. Yangu ilikuwa kama chunjua, kinundu chekundu chenye majimaji, nikivua soksi tu damu, na kilikaa miaka kimetulia halafu ghafla kikaanza kukua. Kwa macho ni ngumu mno kuijua, lazima kinyama kiende patholojia, maabara wanakokisoma kwa hadubini, na hata huko huwa inachanganywa na kansa nyingine ya ngozi inaitwa ya skwama, ndo maana wanaongeza rangi maalumu kutafuta vile vimfereji. Mimi majibu ya kwanza yalisema skwama, daktari wa ngozi hakuridhika akataka sampuli ileile isomwe upya na mtu mwingine.

Sasa hapo kwenye kukata tena, chukua ripoti tafuta walipoandika kuhusu kingo, yaani pembezoni mwa kile kinyama walichokata. Kama seli zimefika ukingoni basi kuna uwezekano mkubwa zingine zimebaki mguuni, ndo wanarudi kukata kwa upana wabebe na nyama nzima ya pembeni. Ipo pia njia ya Mohs, wanatoa tabaka moja moja wanaicheki kwenye hadubini hapohapo mpaka kingo ziwe safi. Mimi walikata kwa upana wakaziba na ngozi ya paja, na hilo paja liliniuma kuliko muundi wenyewe aisee.

Ulizieni na tezi za limfu za kinena, maana ikihama mara nyingi inaanzia huko. Mimi walinipapasa wakapiga na ultrasaundi. Kemo hawambanii, kama haijasambaa tiba yake ni kisu, na hata ikisambaa kemo kwa hii kansa haitabiriki. Mionzi wakati mwingine wanaongeza, hasa kingo zisipokuwa safi.

Baada ya hapo kliniki ni za muda mrefu, maana inaweza kurudi palepale. Bi mkubwa akioga awe anapapasa kovu na kinena, akigusa kitu kigumu aende, asingoje tarehe.