Kilo 9 inapata punguzo, kilo 100 inanyimwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, namsaidia mjomba kuuza mchele sokoni Tandale, Dar es Salaam. Usiku najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta ya mtumba. Nimeandika programu inayouliza mteja anataka kilo ngapi, halafu inataja bei ya kilo: chini ya 50 ni shilingi 3,000, kuanzia 50 ni 2,800. Mwanzo iligoma, ikaandika TypeError. Nikaizungushia 50 alama za nukuu, ikakubali. Lakini sasa wa kilo 9 anapewa punguzo na wa kilo 100 anatajiwa 3,000! Baadaye nataka niongeze bei ya 2,700 kuanzia kilo 100. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba mwanangu. Ile TypeError, yaani kosa la aina, ilikuwa inakuambia ukweli, na zile nukuu zimeinyamazisha.

Kigeu ni jina tunalokipa kitu ili tukitumie baadaye. Kwako ni kilo na bei. Kila kitu kinachowekwa humo kina aina yake, na aina ndiyo inayoamua unaweza kukifanyia nini. Sasa shika hili: kila kinachoingia kwa input, amri inayopokea anachoandika mteja, ni maandishi, hata mteja akibonyeza tarakimu tupu. Ulipolinganisha maandishi na namba 50, Python ilikataa. Ulipoweka nukuu, nayo 50 ikageuka maandishi, na maandishi hulinganishwa kama maneno ya kamusi.

Fungua kamusi uone. Barabara inatangulia bata, ingawa moja ina herufi 8 na nyingine 4. Urefu hauhesabiki, zinatazamwa herufi moja moja kuanzia kushoto, na r inatangulia t. Ndivyo Python ilivyosoma mzani wako. Ilichukua 9 ikaiweka kando ya 5 ya 50, ikaona 9 ni kubwa, ikatoa punguzo. Kwenye 100 ilikutana na 1 kwanza, na 1 inatangulia 5, basi mteja wako mkubwa akakosa. Na kama ungezidisha maandishi "9" kwa 2800, ungeona tarakimu 9 imejirudia mara 2,800 kwenye kioo.

Dawa ni kugeuza aina pale pale mlangoni, kabla ya sharti lolote:

```
kilo = float(input("Kilo ngapi? "))
if kilo >= 100:
    bei = 2700
elif kilo >= 50:
    bei = 2800
else:
    bei = 3000
print(round(kilo * bei))
```

Nimetumia float, ambayo ni namba yenye desimali, kwa sababu Tandale watu wananunua kilo mbili na nusu. Ungetumia int, ya namba nzima, ingegoma mara mteja anapoandika 2.5. Mwishoni round inakurudishia shilingi kamili.

Tazama pia kwamba nimeanza na 100. Python inashuka kutoka juu na kuingia kwenye sharti la kwanza lililo kweli, yaliyobaki haiyagusi. Ukitanguliza 50, mtu wa kilo 120 ataishia hapo, na bei yako ya 2,700 haitafikiwa maishani.

Usije ukadhani kila chenye tarakimu ni namba. Niliwahi kuandika programu ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikazigeuza namba za simu kwa int. Sifuri ya mwanzo ikadondoka kwa wanachama wote, 0754 ikawa 754, na ujumbe wa kuwakumbusha marejesho haukumfikia hata mmoja. Iliniuma, maana wapo waliotozwa faini kwa kuchelewa. Tangu siku hiyo najiuliza: hiki nitakijumlisha au kukizidisha? Kama sivyo, nakiacha maandishi. Namba ya simu hatujumlishi.

Kabla hujampelekea mjomba, chukua karatasi uandike majibu unayoyategemea kwa kilo 49, 50, 99 na 100, ndipo uiendeshe. Makosa ya masharti hujificha mpakani. Utapata 147,000, kisha 140,000, kisha 277,200, kisha 270,000. Ndiyo, kilo 50 inatoka rahisi kuliko 49, na 100 kuliko 99. Hapo programu haijakosea, imefuata bei mlizopanga. Kaa na mjomba mkubaliane: punguzo liwe kwa mzigo wote, au kwa zile kilo zinazozidi 50 tu? Akishaamua, niandikie, tutalipanga sharti lake pamoja.