Mama ana kisukari, anakula na bado ana njaa

Pole, mdogo wangu. Umesema mama yenu hapo Ujiji anamaliza ugali wa muhogo, baada ya saa mbili analalamika njaa, na shangazi anamwita mlafi. Si ulafi. Sukari ikiwa juu imejaa kwenye damu lakini haiingii vizuri kwenye seli, hivyo mwili unahisi haujala. Hamu ya kula nayo ina homoni zake: mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo.

Mimi kwa baba yangu, naye mwenye kisukari, nilianzia kwenye sahani: matembele nusu nzima, ugali matonge machache, samaki mgebuka wa kuchoma. Maharage yalimshibisha kwa muda mrefu kuliko chochote. Ugomvi ulikuwa chai ya sukari, acha tu.

Ila njaa ikija na jasho na kutetemeka, huenda sukari imeshuka: kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari mara moja, kisha mpime sukari. Akitapika, akihema kwa kasi au akichanganyikiwa, mkimbizeni hospitali ya Maweni usiku huohuo. Na dawa asipunguze bila daktari, hata shangazi aseme nini.