Maswali ya Wasomaji: Milioni tatu za kodi kwa mwezi

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 25 huku Chanika, akiba ya milioni 14, na kila mwezi naweza kuweka laki sita. Nataka baada ya miaka mitano niwe naingiza milioni tatu kwa mwezi kutoka kwa wapangaji. Fundi amenikadiria milioni 9 kwa kila chumba na sebule chenye choo ndani, na jirani anapangisha vya namna hiyo kwa 120,000. Mke wangu anasema naota. Ni kweli?
Msomaji, Chanika

JIBU: Milioni tatu ukigawa kwa 120,000 unapata wapangaji 25. Tuhesabu kwa milango, maana kila mpangaji ana mlango wake. Mlango wa aina unayoitaka, pamoja na unene wa kuta, unakula kama mita za mraba 25. Milango 25 ni mita 625, na kiwanja chako kina 500. Hapo hujaacha njia, shimo la choo wala pa kuanika nguo. Labda upandishe ghorofa, na hiyo haijengwi kwa milioni 9 kwa mlango.

Tuje kwenye fedha. Ile 120,000 si yako yote. Mpangaji akihama, mlango hukaa mtupu wiki kadhaa hadi dalali alete mwingine, kwa hiyo hesabu miezi 11 tu: 1,320,000 kwa mwaka. Toa asilimia 10 ya ushuru wa pango unaokwenda TRA, mamlaka ya mapato, 132,000. Toa 132,000 nyingine ya ukarabati: vitasa, rangi, koki, gari la kunyonya choo. Zinabaki 1,056,000, yaani 88,000 kwa mwezi. Andika hiyo kwenye daftari lako. Kwa 88,000, milioni tatu zinadai milango 34.

Ukianza leo na mlango mmoja wa milioni 9, ukatenga milioni 3 za shimo, maji na umeme, na milioni 2 usiziguse, kila mwezi utakuwa na laki sita zako pamoja na 88,000 za kodi kwa kila mlango uliokamilika. Mlango wa pili unapatikana mwezi wa 13 au 14, wa tatu mwezi wa 25, wa nne wa 36, wa tano wa 45, wa sita mwezi wa 54. Miaka mitano ikitimia una milango 6 na 528,000 safi kwa mwezi, bila deni. Milango 34 kwa mwendo huohuo ni kama miaka 14 hadi 15, na kiwanja cha pili njiani. Hapo hatujagusa bei ya saruji na bati, ambayo haitakusubiri. Kwa hiyo mkeo anasema kweli kuhusu miaka mitano, si kuhusu milioni tatu. Andika malengo mawili: milango 6 kwa miaka mitano, milioni tatu kwa miaka 15.

Wengi huharibikiwa kwenye mpangilio wa ujenzi. Mtu ana milioni 12, anamwaga msingi wa milango sita, ananyanyua boma hadi kwenye lenta, fedha inakata. Boma halikuletei kodi. Linakaa misimu miwili ya mvua, nondo za nguzo zimeshika kutu, majani yameota sebuleni, na fundi mpya anaanza kwa kubomoa. Chora ramani ya milango yote sita, uiombee kibali cha ujenzi halmashauri, lakini maliza mlango mmoja hadi kitasa ndipo uchimbe msingi wa unaofuata. Shimo la choo tu ndilo lijengwe mapema kwa ukubwa wa milango yote. Na kila mlango uwe na LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Mita moja ya kuchangia huleta ugomvi kuliko jambo lolote.

Kabla ya hapo, muulize fundi ile milioni 9 inaishia wapi. Makisio mengi huishia kwenye plasta. Dari, vigae, madirisha ya alumini, nyaya na mabomba ya choo huja baadaye kama "vitu vidogo vidogo". Akupe karatasi yenye idadi: tofali, mifuko ya saruji, bati, futi za mbao.

SWALI: Je, nikikopa benki si nitafika haraka zaidi?
Msomaji yuleyule

JIBU: Mkopo wa milioni 9 wa miaka mitano, ukipewa riba ya asilimia 16, una rejesho la kama 219,000 kwa mwezi. Mlango wenyewe unaleta 88,000. Tofauti ya 131,000 inatoka kwenye laki sita zako. Tena ukitaka kuweka kiwanja rehani, benki itadai hati miliki. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa hautoshi. Tumia miaka hii kukipima na kukitafutia hati.

SWALI: Mpangaji amenilipa kodi ya miezi sita ya mbele. Niinunulie tofali?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Mwezi mmoja tu ndio umeiva. Tano bado ni za mpangaji, na mkataba ukivunjika kwa kosa lako atazidai. Ziweke akaunti ya pembeni, uchote moja kila mwisho wa mwezi.