Kabla hujaratibu programu na mikoa, uliza Mwenge unapita lini

Mdogo wangu uliyeripoti juzi makao makuu ya wizara, ukakabidhiwa faili la programu mpya na maelekezo ya maneno mawili tu, "ratibu na mikoa", haya nakuandikia wewe. Mimi nilipopewa faili la namna hiyo, nilikuwa sijakaa halmashauri hata wiki moja.

Ilikuwa kampeni ya kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Nilijifungia na kompyuta siku tatu, nikatoka na jedwali la kupendeza: halmashauri sita, timu sita, magari sita, mafunzo ya siku mbili kila mahali. Kwenye safu ya usafiri nilijaza neno moja kuanzia juu hadi chini: "lililopo". Bosi akasaini, barua zikaondoka.

Nilipofika wilaya ya kwanza, ukumbini nilikuta watu wanne, na mmoja wao alikuwa mama wa chai. Afisa mifugo, mzee wa makamo aliyebakiza miaka michache astaafu, alinipokea vizuri, kisha akanisogeza dirishani. Uwanja wa magari ulikuwa mweupe. "Daktari," akaniambia taratibu, "kesho Mwenge unalala kwetu."

Gari la afya, la elimu, la kwake, yote yalikuwa kwenye maandalizi ya kuupokea Mwenge wa Uhuru, unaokimbizwa nchi nzima. Mbio za Mwenge huanza Aprili na kuhitimishwa 14 Oktoba, na ratiba yake wilayani huijua hata mtoto wa shule. Aliyekuwa hajui ni mimi, na hakuna aliyenificha. Sikuuliza. Nilirudi Dodoma na makasha ya chanjo ambayo barafu yake ilishaanza kuyeyuka. Na hata gari lingepatikana mchana, chanjo ile ikishachanganywa na maji yake inatakiwa iishe ndani ya saa chache, na maboma ya wafugaji hayako kando ya lami.

Tangu hapo najifunza upya kila mwaka kwamba gari la halmashauri si "lililopo". Lina foleni. Lina dereva mmoja anayedaiwa safari na idara tatu, na mafuta ambayo fungu lake huenda liliisha tangu robo iliyopita. Na afisa mifugo unayemtegemea ndiye huyo huyo anayekagua nyama machinjioni alfajiri, anayesimamia mnada siku ya mnada, na anayeandika taarifa za programu nyingine mbili zilizotangulia yako.

Kingine wageni wengi hukosea: kudhani mkoa ni tawi lako. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, sekretarieti ya mkoa kazi yake kubwa ni kuzishauri na kuzisaidia halmashauri. Utekelezaji uko halmashauri, na mtaalamu wa kule bosi wake ni mkurugenzi, si wewe. Ushauri wa kitaalamu atausikiliza kutoka wizarani, lakini ruhusa ya kutoka ofisini ataiomba kwa mkurugenzi wake. Kwa hiyo barua ipite TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, ifike kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo ishuke. Ukimpigia afisa moja kwa moja kumpa amri, unamgombanisha na mwajiri wake. Mpigie, lakini kwa kuuliza.

Sasa hela, maana hapa ndipo urafiki huvunjika. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Halmashauri huandaa mpango wa mwaka unaofuata miezi mingi kabla, ndani ya ukomo wa bajeti waliopewa, na ikifika Juni kila shilingi ina mwenyewe. Wewe ukitua Oktoba na programu yako, ukasema "mtachangia mafuta na posho kutoka fungu la matumizi mengineyo", unamwomba mtu akate kifungu cha mwenzake. Mweka hazina mmoja alinijibu bila kuinua macho: "Kazi mmeleta, hela mmeacha Dodoma." Sikuwa na la kumjibu. Kama programu ni ya mwaka ujao, mpango wako uwafikie kabla hawajaanza kujaza wa kwao. Kama ni ya mwaka huu, pesa za mafuta na posho ziende pamoja na barua, la sivyo usiandike tarehe.

Msimu nao usiuchukulie kirahisi. Kanda ya magharibi na nyanda za juu kusini mvua huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo mifugo iko karibu na nyumbani, lakini barabara hazipitiki. Kiangazi barabara ni nzuri, mifugo imehamia mabondeni kutafuta maji. Wiki chache zinazofaa katikati ya hapo wanazijua wao, tena kata kwa kata. Mimi huwaachia wapange tarehe, nikishasema tu idadi ya siku ninazohitaji.

Safu ya "lililopo" niliifuta. Siku hizi fomu yangu inauliza namba ya gari, jina la dereva, na hali ya gari, na inajazwa na yeye aliye kule. Msimu uliopita mmoja alijaza: "Gari zima. Dereva yupo. Tairi la akiba hakuna." Tukaliingiza tairi kwenye bajeti.