Mfumuko ukishuka, bei hazijashuka

SWALI: Nasoma uchumi mwaka wa pili hapa Mombasa. Kundi letu hujadili nadharia ya uchumi jumla kwa Kiswahili, ndipo kila mtu akaandike mtihani kwa Kiingereza. Wenzangu huandika "mfumko wa bei", mimi nimezoea "mfumuko wa bei". Nani yuko sawa? Na je, naweza kuandika "ughali wa bei" ili niepuke ubishi huo? Msomaji, Tudor.

JIBU: Uko sawa wewe. Neno limetokana na fuma, fumua, fumuka, kama mshono unavyofumuka, na nomino za aina hii huibakiza irabu ya kitenzi chake. Lipuka ina mlipuko, poromoka ina mporomoko, shtuka ina mshtuko. Hakuna aandikaye "mlipko". Lakini anayeidondosha hiyo u hampotezi mtu njia. Msahihishe, kisha endeleeni na kazi.

"Ughali wa bei" ndio usioweza kupita. Kwanza bei haiwi ghali. Kitu ndicho kiwacho ghali. Bei huwa juu au huwa chini. Hilo nalo ni dogo. Kubwa ni kwamba ughali ni hali, na mfumuko ni mwendo, yaani kasi ya bei kwa jumla kupanda. Ukiliweka moja mahali pa jingine umeingia katika kosa linalotangazwa redioni na kuchapwa magazetini kila mwezi takwimu zinapotolewa: "Afueni kwa wananchi, bei zashuka baada ya mfumuko kupungua." Sentensi hiyo si kweli, na aliyeiandika amewaambia watu wenye njaa kwamba wameshiba.

Tuchukue takwimu za hapa kwetu. Mfumuko wa bei wa Kenya ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, asilimia 6.9 Oktoba 2023, na asilimia 2.7 Oktoba 2024. Kila tarakimu hupimwa dhidi ya mwezi huohuo wa mwaka uliotangulia. Sasa chukua kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 10,000 Oktoba 2021, mkiwa na unga, mafuta ya kupikia, sabuni, nauli na kodi ya nyumba kwa vipimo vyake. Mwaka mmodi baadaye kapu lilelile linataka shilingi 10,960. Zidisha hiyo kwa 1.069, unapata karibu 11,716. Zidisha tena kwa 1.027, unapata karibu 12,033. Mfumuko umeshuka mara mbili. Kapu halikushuka hata mara moja. Anayelinunua anatoa shilingi elfu mbili na zaidi juu ya zile alizotoa miaka mitatu nyuma, na mtangazaji anamwambia bei zimeshuka. Akifika soko la Kongowea atamwona mchuuzi wa nyanya kuwa mwizi, na mchuuzi hana kosa.

Matatu iliyotoka Mtwapa kwa kasi ya 80 ikafika Bombolulu inakwenda kwa 30 imepunguza mwendo, haikurudi Mtwapa. Ili kapu hilo lirudi shilingi 10,000, bei zingelazimika kuanguka kwa karibu asilimia 17, na hilo ni jambo jingine kabisa lenye jina lake: kushuka kwa bei. Mfumuko wake huwa na alama ya kutoa mbele ya tarakimu. Marekani ililionja kati ya 1929 na 1933, bei zilipoanguka kwa karibu robo, mabenki yakafungwa na wenye madeni wakalemewa, kwa kuwa deni lilibaki na tarakimu yake huku mapato yakinywea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyohiyo ilipata kitu tofauti. Benki kuu chini ya Paul Volcker ilibana fedha, mfumuko ukatoka zaidi ya asilimia 13 mwaka 1980 hadi karibu 3 mwaka 1983, na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Bei zenyewe ziliendelea kupanda, ila polepole. Mwanafunzi anayeyaita yote mawili "kushuka kwa bei" ameyachanganya matukio mawili yenye sababu tofauti na maumivu tofauti. Andika "kushuka kwa bei" kwa la kwanza, "kupungua kwa mfumuko" kwa la pili, na usikubali mwenzako yeyote akubadilishie.

Kwenu nyinyi wa mwaka wa pili madhara yanafika hadi kwenye alama za mtihani. Katika mchoro wa mahitaji ya jumla na ugavi wa jumla, mhimili wima ni P, kiwango cha bei. Katika mkunjo wa Phillips, unaoonyesha uhusiano wa kasi hiyo na ukosefu wa ajira, mhimili wima ni kasi: A. W. Phillips mwaka 1958 aliweka kasi ya kubadilika kwa mishahara, na vitabu vya leo huweka mfumuko. Daftari la Kiswahili likiandika "bei" pote pawili, mkono utauchora mkunjo wa Phillips ukiwa na P, kisha utapanda na kushuka juu yake kana kwamba bei za mwaka juzi zinaweza kufutwa kwa kuajiri watu wachache zaidi.

Mstari wa LM, unaoonyesha pale ambapo pato na riba huyafanya mahitaji ya fedha yalingane na fedha zilizopo, ndio unaoangusha wengi. Hoja huja hivi: mfumuko umeshuka, kwa hiyo P imeshuka, kwa hiyo fedha halisi, yaani M (kiasi cha fedha) gawanya kwa P, zimeongezeka, kwa hiyo LM inahamia kulia. Kila hatua inaifuata iliyotangulia vizuri, na yote ni makosa tangu ile ya kwanza. Tuseme kiasi cha fedha kinakua kwa asilimia 5 kwa mwaka, na mfumuko umetoka 9.6 hadi 6.9. P bado inakimbia kuliko M. Fedha halisi zimepungua kwa karibu asilimia 2, na LM imehamia kushoto, polepole kuliko mwaka uliopita. Kulia itakwenda siku mfumuko utakapokuwa chini ya ukuaji wa fedha.

Njia ya kujikinga ni kuuliza kipimo kabla ya kuandika neno. Bei ina shilingi, au ina fahirisi, tarakimu ya kulinganisha bei na za mwezi wa msingi, kama ile ya Kenya inayoipa Februari 2019 thamani ya 100. Mfumuko ni asilimia kwa mwaka. Riba nayo ni asilimia kwa mwaka, ndiyo maana ukitafuta riba halisi unatoa mfumuko unaotarajiwa kutoka kwenye riba inayotajwa benki. Bei huwezi kuitoa kwenye riba. Shilingi hazitoki kwenye asilimia. Mwenzako akisema "riba toa bei" mzuie hapohapo, kabla hajafika ubaoni.

Na kwa kuwa tumegusa riba, tuimalize na ile "kwa" inayokaa mahali pa "hadi". Desemba 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5. Wako walioandika kwamba imepanda "kwa asilimia 12.5", jambo ambalo lingeifikisha karibu 11.8. Wako pia walioandika "kwa asilimia 2", nao wamekosea, maana asilimia 2 ya 10.5 ni 0.21 tu. Iliyopanda ni pointi 2, sawa na asilimia 19 ya riba ya awali. Mimi nimechoka kugombana juu ya pointi na asilimia, na aliye na haraka namruhusu aziache zote mbili: aandike "kutoka" na tarakimu, "hadi" na tarakimu. Hapo hakuna msomaji atakayedanganyika. "Kwa" mahali pa "hadi" siiruhusu.

Lililobaki katika swali lako ni pa kuutumia ughali. Utumie ukizungumzia kitu kimoja, au maisha kwa jumla: ughali wa nazi, ughali wa maisha. Nazi zikiadimika na bei yake ikaruka, sema bei ya nazi imepanda. Usiseme "mfumuko wa bei ya nazi", kwa sababu mfumuko ni wa kapu zima, na bei ya nazi inaweza kuruka mwezi uleule ambao mfumuko umeshuka, ikiwa mafuta ya petroli na unga vimetulia. Na mkiandika daftari la kundi, wekeni kiwango cha bei kwa P na mfumuko wa bei kwa ile alama ya pai, kwa ukamilifu wake, kila mara. Ni maneno matatu kwa matatu, hayachoshi mkono.