Barua kwa mwanangu: wa 61

Mwanangu Neema,

Salamu zako zimefika. Juzi nimemsikia Imani kwenye simu, sauti imekuwa nzito kama ya marehemu babu yake. Sisi wazima, ila goti langu na masika haya haviivi chungu kimoja.

Umeniuliza: Imani akichaguliwa DeBakey, ile sekondari ya Houston ya watoto wanaotaka udaktari, aende, au abaki shule ya jirani? Ipi itamfikisha chuo kikuu kwa wepesi? Nimeisoma ile sheria mara tatu, nikidhani umeikosea. Kumbe ndivyo. Tangu 1997 Texas inampa nafasi kwenye vyuo vyake vya serikali mtoto aliye ndani ya asilimia 10 ya juu ya shule yake mwenyewe. Na kile cha Austin, kwa kuelemewa na waombaji, kuanzia 2026 kinachukua asilimia 5 tu kwa njia hiyo. Basi darasa la watoto 200 lina viti 10 vya uhakika, wawe wote vipanga au nusu yao watoro. Wa 11 apange foleni na wengine.

Nilicheka peke yangu. Baraza la Mitihani halikukuuliza ulikuwa wa ngapi darasani. Mtihani mmoja nchi nzima, pointi zako ndizo zinazokusemea. Huko namba ya darasani ndiyo tiketi yenyewe.

Hapo nikaikumbuka ripoti yako ya kwanza kutoka shule ya vipaji.

Najua hujasahau. Desemba 1999, umeshuka stendi ya Muheza na lile tranka la bluu, ripoti umeikunja ukaificha ndani ya soksi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la tatu, leo wa 61 kati ya 74. Shangazi yako alikuwa sebuleni, akataka kuiona. Nikaishika mimi ile karatasi, kidole gumba juu ya ile moja, nikamwonyesha. "Wa sita," nikasema. Akapiga vigelegele. Nawe umesimama mlangoni na bilauri yake ya maji. Ukaitua mezani, ukaenda zako uani. Hatukuwahi kulizungumza. Nimefundisha hesabu miaka 34, sikuwahi kuificha tarakimu ya mtoto wa mtu, isipokuwa ya mwanangu.

Mtoto hufundishwa na wenzake kabla ya mwalimu. Mmechoka kunisikia, nasema tena. Wewe kalkulasi ulifundishwa na yule binti wa Bukoba, kwa tochi, chini ya blanketi, kwa sababu mwalimu wenu alihamishwa na hakuletwa mwingine. Kidato cha sita ukatoka na pointi 5. Ungebaki hapa nyumbani, wa kwanza kila muhula, ungezipata?

Lakini ule utafiti wa Boston na New York ulionitumia unanisuta. Waliopita chupuchupu kuingia shule za kuchaguliwa na waliokosa chupuchupu walikuja kupata alama zinazokaribiana. Labda pointi zako ulikuwa nazo tangu hapa Muheza, nami nilikupeleka mbali ukaje kulia uani.

Hapana, sikubali. Mtoto hufundishwa na wenzake. Na shule yenyewe iko ndani ya Texas Medical Center, kila asubuhi anapishana na madaktari. Vyuo binafsi kama Rice havifungwi na hiyo sheria ya asilimia. Ila tena wenzake hao hao ndio watakaomshusha namba, na mkiitaka Austin, namba ndiyo kila kitu. Unaona? Nikisimama huku naona kule.

Usinitake niamue. Baba Imani yupo, na nyinyi ndio mnaomwona akirudi jioni na begi lake. Ningekuwa mimi... aa, basi. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara mbili. Muulizeni kwanza mwenyewe kama anaweza kuwa wa 61 na usiku akala chakula chake akashiba.

Popote atakapokwenda, ripoti ya kwanza ikitoka nipigie picha. Nzima, na vidole vyako uviweke pembeni.

Mama yako